Kiwango cha Mwitikio: Istilahi ya Kwanza kwa Anayejifunza Masoko Peke Yake

Anayejifunza masoko kwa simu yake na bando lake hukutana na istilahi nyingi kabla hajauza chochote. Nyingi zinaweza kusubiri. Moja haisubiri, nayo ni ile ambayo kwa Kiingereza huitwa "conversion rate": idadi ya watu waliofanya ulichowaomba wafanye, ikipimwa kwa wote waliopata nafasi ya kukifanya. Naitanguliza kwa sababu mwanafunzi asiye na mwalimu hana wa kumsahihishia kazi, na hesabu hii humsahihishia kila wiki bila ada.

Kiswahili chake bado kinayumba. Kurasa zilizotafsiriwa na mashine huandika "kiwango cha ubadilishaji", na mfanyabiashara wa Kariakoo akisoma hivyo atafikiria shilingi na dola. Kwingine utakuta "uongofu". Hilo ni neno la dini lenye heshima yake, la mtu aliyeacha upotevu akashika njia iliyonyooka. Aliyenunua gauni la dira hajaongoka, amenunua dira. Tafsiri zote mbili zimefuata umbo la neno la Kiingereza, zikaliacha tendo lenyewe.

Mimi nachagua "kiwango cha mwitikio". Redio ikitangaza kwamba mwitikio wa wapiga kura ulikuwa mdogo, msikilizaji anaelewa papo hapo kwamba kuna walioandikishwa na kuna waliojitokeza, na kwamba hawa wamepimwa kwa wale. Ndivyo tusemavyo hata kwenye kampeni za chanjo. Dhana tunayo tayari, inahitaji kuletwa dukani tu. Kasoro yake ni kwamba wengine huita mwitikio kila alama ya kupenda iliyobonyezwa chini ya picha. Tiba ni kutaja tendo: kiwango cha kununua, kiwango cha kujiandikisha, kiwango cha kupiga simu. Ukishalitaja, huwezi tena kujidanganya kuhusu unachokihesabu.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi: kiasi juu, asili chini, zidisha kwa 100. Kazi iko kwenye asili. Chukulia dada anayeuza madira kwa WhatsApp. Ameweka picha kwenye status bila bei, na chini ameandika "bei njoo inbox". Watu 240 wametazama, 30 wameuliza bei, 6 wamelipa. Ukichukua watazamaji kuwa asili, kiwango cha kununua ni asilimia 2.5. Ukichukua walioulizia, ni asilimia 20. Zote mbili ni kweli, ila zinajibu maswali tofauti: ya kwanza inapima picha na tangazo kwa jumla, ya pili inapima mazungumzo.

Wiki inayofuata anaandika bei, saizi na gharama ya bodaboda juu ya picha. Watazamaji ni 240 tena, lakini walioulizia wameshuka hadi 12, na walionunua ni 6 vilevile. Anayehesabu ujumbe tu ataona biashara imekufa. Anayejua asili mbili ataona kwamba mwitikio wa watazamaji haukutikisika, na ule wa walioulizia umepanda kutoka asilimia 20 hadi 50. Mauzo ni yaleyale, lakini watu 18 ambao wangeuliza "bei gani?" kisha wakanyamaza wamejiondoa wenyewe, na jioni yake imerudi mikononi mwake. Hapo ndipo mtu anapoanza kujifunza masoko hasa, kwa madira yake na wateja wake.

Kuhesabu namna hii hakukuanza na simu. Claude Hopkins, Mmarekani aliyetunga matangazo ya magazetini, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1923, Scientific Advertising, jinsi ya kupima matangazo kwa kuponi: kila tangazo lina kuponi yenye alama yake, msomaji anaikata na kuituma, na mwenye biashara anajua ni tangazo lipi lililomleta. Mbinu hiyo inafaa leo bila kubadilika. Weka neno moja kwenye tangazo la Instagram na jingine kwenye karatasi uliyobandika saluni, kisha mwombe mteja alitaje anapoagiza. WhatsApp Business ina lebo za kutenga mteja mpya, anayesubiriwa alipe na aliyelipa. Asiye nayo achore safu tatu kwenye daftari: walioona, walioulizia, walionunua. Daftari linatosha kabisa, nalo halihitaji chaji.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. Wanunuzi 6 wiki hii na 7 wiki ijayo si maendeleo, huenda ni bahati tu; acha namba zikue kabla ya kutoa hukumu. Tena usilinganishe tarehe 28, mishahara ikiwa imeingia, na siku za mwambo, wala wiki ya kabla ya Idi na wiki ya baada yake. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, siku zikiwa zinafanana. La sivyo hutajua kama ni picha iliyouza au ni mshahara.

Kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hawaambiwi mapema. Mwitikio ni rahisi kuupandisha kwa kushusha bei, na namba ikipanda humfurahisha mtu. Tuseme dira linauzwa shilingi 20,000 na faida yake ni 5,000. Madira 6 yanaleta faida ya 30,000. Likishushwa hadi 17,000, faida inabaki 2,000 kwa kila moja, na ili kufikia 30,000 ileile dada yetu lazima auze madira 15. Kwa watazamaji walewale 240, mwitikio utakuwa umepanda kutoka asilimia 2.5 hadi 6.25, naye atakuwa amefunga vifurushi 9 zaidi bila shilingi ya ziada. Kwa hiyo safu ya nne ya daftari ni ya faida, na ichorwe siku ileile zinapochorwa zile tatu.