Nani Aliyeuharakisha Wimbo wa Mazishi?

Ndugu msikilizaji, na wewe ambaye leo unanisoma badala ya kunisikia, mwaka jana nilikwenda Mwadui kumzika mjomba wangu, mtu aliyefanya kazi miaka mingi katika mgodi ule ambao almasi yake iligunduliwa na Dk. John Williamson mwaka 1940. Kwaya ilikuja, ikajipanga kando ya kaburi, ikaimba wimbo ambao mimi nimeukuta tangu nikiwa mtoto. Maneno yalikuwa yale yale, na sauti zote nne zilikaa mahali pake. Lakini wimbo ulikimbia kama watu wanaowahi basi la Shinyanga. Ulikwisha kabla udongo haujafika nusu ya shimo, na wale waliokuwa na makoleo wakabaki wakifukia katika kimya kilichotufanya wote tutazame chini.

Sisi watu wa redio hatuwezi kujizuia kutazama saa, hata makaburini. Wimbo ulichukua dakika mbili kamili.

Jioni nikamwuliza kijana anayeifundisha kwaya ile. "Mjomba," akanijibu, "mbona tumefuata nota?" Akaniletea karatasi kuukuu, iliyoandikwa kwa mkono na mwalimu ambaye sasa ni marehemu, na juu yake, upande wa kushoto, pana neno moja: Polepole. Kijana alikuwa ameuingiza wimbo huo katika kompyuta kwa programu ya MuseScore, ambayo Mjerumani Werner Schweer alianza kuitengeneza mwaka 2002, na ambayo hutolewa bure, jambo ambalo kwa kwaya zetu si dogo.

Neno Polepole alilinakili. Lakini aliliandika kama maandishi ya kawaida, yale ya kutoa maelezo kwa mwimbaji. Kwa jicho la binadamu hakuna tofauti. Kwa kompyuta tofauti ni kubwa, maana maandishi ya kawaida kwake ni pambo tu. Na isipoambiwa mwendo kwa alama inayoitambua, programu hiyo hupiga mapigo 120 kwa dakika. Kijana akaitoa sauti, akaituma katika kundi la WhatsApp, watu wakajifunza kwa simu zao. Hivyo ndivyo mwendo wa mazishi ya mjomba wangu ulivyoamuliwa na namba ambayo pale Mwadui hakuna mtu aliyeichagua.

Ama kwa hakika ugomvi huu ni wa zamani kuliko kompyuta. Wazungu kwa karne nyingi walitumia maneno ya Kiitaliano kuonyesha mwendo, na maneno hayo hayakuwa ya saa hata kidogo. Allegro maana yake ni uchangamfu. Andante ni mwendo wa mtu anayetembea. Kwa hiyo mtunzi wetu anapoandika Kwa furaha au Kwa ibada, asichekwe. Anafanya walichofanya wao. Kisha mwaka 1814 fundi aliyeitwa Winkel, huko Amsterdam, akabuni chombo cha kupima mapigo, na mwaka uliofuata Johann Maelzel akakiongezea vipimo na kukisajili kama chake. Jina lililobaki ni la Maelzel. Winkel anajulikana na wachache. Mwaka 1817 Beethoven alitangaza namba za mwendo kwa simfonia zake nane za mwanzo. Wengi walidhani ubishi umekwisha. Lakini namba aliyoiweka mwanzoni mwa sonata yake inayoitwa Hammerklavier ni ya kasi kiasi kwamba wapiga piano mpaka leo hubishana kama alimaanisha hivyo kweli.

Kwetu Usukumani hakuna aliyehitaji chombo. Katika bugobogobo jembe lenyewe ndilo lilikuwa kipimo: linapanda, linashuka, na wimbo hauwezi kulizidi mbio jembe lililoshikwa na mtu aliyechoka. Padri David Clement, aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma kule Bujora, alilielewa hilo alipoanza kuingiza ngoma na tuni za Kisukuma katika ibada. Mambo haya hupokewa kwa mwili. Karatasi huja baadaye.

Na karatasi ilipokuja, kwa wengi wetu ilikuja na herufi za d, r, m zilizoenezwa na Mwingereza John Curwen. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alitumia mfumo huo huo alipotunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake sisi tuliifanya ya taifa mwaka 1961. Herufi hizo zinaandikika kwa taipureta yoyote, nayo ni sifa kubwa. Lakini hebu sikiliza wanafunzi wakiuimba wimbo wa taifa asubuhi ya baridi, kisha sikiliza bendi ya jeshi uwanjani. Wote wako sahihi katika kila herufi, na hawafanani.

Nirudi Mwadui. Tulimwendea bibi mmoja aliyeimba sauti ya pili enzi za yule mwalimu. Hakuuliza tunataka nini. "Keti, mwanangu," akaniambia, kisha akaanza kuimba huku akigonga goti, nami nikahesabu kwa saa yangu: mapigo 58. Kijana akafuta lile neno, akaliandika upya kwa alama ya mwendo yenyewe, herufi nzito, juu ya mstari wa sauti ya kwanza peke yake, sambamba na namba za kipimo cha wimbo. Bibi hakutaka namba ionekane. Alisema waimbaji wataikodolea macho wasahau marehemu. Kumbe programu ina kisanduku ambacho ukiondoa alama yake, unaipa kompyuta namba yako chinichini na msomaji anabaki na neno Polepole. Mwishoni tukaongeza rit., kwa herufi za mlazo, maana bibi aligonga goti mara tatu za mwisho kwa kuvuta.

Kwenye arobaini waliuimba tena. Nilitazama saa: dakika nne na sekunde kumi na moja. Sekunde tatu za ziada ni zile za kuvuta mwishoni.