Ada za mawakili katika kesi za pamoja (Fizi na Baraka)

Malipo ya mawakili wanaosimamia walalamikaji wengi kwa pamoja. Nchini Marekani, Kanuni ya 23 ya mashauri ya madai katika mahakama za shirikisho humpa hakimu mamlaka ya kuamua ada inayofaa, nayo mara nyingi hukatwa kwenye fedha zilizopatikana kwa ajili ya kundi zima.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haina kesi ya namna hiyo hasa. Iliyo karibu nayo ni ile ya mji wa Baraka, Februari 2011, ambapo mahakama ya kijeshi tembezi ilisikiliza wanawake 49 waliobakwa mjini Fizi usiku wa kuamkia tarehe 2 Januari. Luteni Kanali Kibibi Mutware alifungwa miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Waathirika waliingia kesini kama wadai, wakitetewa na mawakili waliogharimiwa na mashirika ya msaada wa kisheria. Kwa hiyo hakimu hakuwa na ada ya kuamua. Swali gumu lilikuwa fidia yenyewe: mahakama iliamuru kila mmoja alipwe dola 10,000, na miaka kadhaa baadaye zilikuwa hazijalipwa.