Kiti cha pembeni: Jinsi makocha wasaidizi wa vyuo vya Marekani walivyopigania mshahara wao

Mei 1998, katika mahakama ya shirikisho jimboni Kansas, jopo la wananchi liliamua kwamba makocha wasaidizi waliobanwa mishahara na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, walistahili fidia ya dola milioni 22.3. Kwa kuwa sheria ya nchi hiyo dhidi ya ukiritimba huzidisha fidia ya namna hii mara tatu, deni la NCAA likafika karibu dola milioni 67.

Waliodai haki hiyo hawakuwa watu wa kuandikwa magazetini. Kocha msaidizi wa mpira wa kikapu ndiye anayekaa ubavuni mwa kocha mkuu, ubao mkononi, akinong'ona nani abadilishwe. Usiku wa kuamkia mechi, katika miaka hiyo, alikaa mbele ya mashine mbili za video, moja ikicheza na nyingine ikirekodi, akikata vipande vya mchezo wa wapinzani ili kesho wachezaji wajue mfungaji wa wapinzani hao hupenda kugeukia upande gani. Ndiye pia aliyezunguka shule za sekondari kusaka vipaji na kubisha hodi kwa wazazi. Na kibarua cha kocha mkuu kilipoota nyasi, mara nyingi chake kiliota pia.

Watu walivumilia haya kwa sababu kiti hicho ndicho ngazi. Pat Summitt alifika Chuo Kikuu cha Tennessee mwaka 1974, akiwa na miaka 22, ili awe kocha msaidizi huku akiendelea na masomo. Kocha wa timu ya wanawake alipoondoka, yeye ndiye aliyepewa timu. Alilipwa dola 250 kwa mwezi, akafua jezi za wachezaji na kuendesha basi dogo la timu kwa mikono yake. Alistaafu mwaka 2012 akiwa na ushindi 1,098 na mataji manane ya taifa.

Bill Guthridge yeye alisubiri zaidi. Alijiunga na kocha mkuu Dean Smith huko Chuo Kikuu cha North Carolina mwaka 1967 na kubaki msaidizi wake kwa miaka 30. Smith alipostaafu Oktoba 1997, Guthridge alikuwa na umri wa miaka 60, na ndipo alipoongoza timu ya chuo kikubwa kwa mara ya kwanza. Katika misimu mitatu aliifikisha mara mbili kwenye nusu fainali ya taifa, mwaka 1998 na 2000. Yote aliyoyafanya alikuwa ameyajifunza akiwa pembeni.

Kiti hicho kilikuwa pia mlango wa waliofungiwa nje. Mwaka 1969, Lefty Driesell, kocha mkuu wa Maryland, alimwajiri George Raveling, akawa kocha msaidizi wa kwanza Mweusi katika ligi ya ACC, iliyojumuisha wakati huo vyuo vya pwani ya mashariki. Miaka mitatu baadaye Raveling alikuwa kocha mkuu wa Washington State, tena Mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo katika ligi ya vyuo vya magharibi. Asingepata kiti cha msaidizi, sijui angeanzia wapi.

Ndiyo maana kilichotokea mwaka 1991 kilikuwa kizito kuliko kinavyoonekana kwenye hesabu. Vyuo vilikuwa vikilalamikia gharama za michezo, na kwenye mkutano mkuu wa Januari wanachama wa NCAA wakapitisha kanuni mpya. Kila timu ya mpira wa kikapu ya daraja la kwanza ingekuwa na makocha wanne tu: mkuu, wasaidizi wawili wa kawaida, na wa nne ambaye mshahara wake umewekewa ukomo. Huyo wa nne asingelipwa zaidi ya dola 12,000 kwa mwaka wa masomo na dola 4,000 kwa majira ya joto. Kanuni ilianza kutumika Agosti 1992. Kabla yake, baadhi ya makocha wa nafasi za namna hiyo walikuwa wakipata dola 60,000 hadi 70,000 kwa mwaka.

Utetezi wa NCAA ulisikika vizuri masikioni. Nafasi hiyo, walisema, ni ya vijana wanaoanza kazi, itapunguza gharama, na itaweka usawa kati ya vyuo tajiri na maskini. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na vijana wa ukocha walikwisha kuinama siku nyingi. Ila safari hii vyuo vilikaa pamoja na kukubaliana kuwainamisha.

Makocha kadhaa walikwenda mahakamani, katika kesi iliyobeba jina la mmoja wao, Norman Law. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: waajiri wanaoshindania wafanyakazi wamekula njama ya kupanga bei ya kazi, jambo linalokatazwa na Sheria ya Sherman ya mwaka 1890. Mwaka 1995 Jaji Kathryn Vratil alikubaliana nao. NCAA ikakata rufaa, na Januari 1998 mahakama ya rufaa ikaubariki uamuzi wake.

Mahakama hiyo ilizipitia sababu za NCAA moja baada ya nyingine. Je, nafasi ni za wanaoanza? Hakuna kilichovizuia vyuo kumweka hapo kocha mzoefu, na vingine vilifanya hivyo. Usawa? Fedha iliyookolewa kwa kocha wa nne iliweza kutumika kwingineko katika timu hiyohiyo, na mshahara wa kocha mkuu haukuguswa. Gharama? Kila mwajiri angependa kulipa kidogo, na kupenda huko hakuhalalishi njama. Baada ya uamuzi ule wa fidia wa Mei 1998, mwaka 1999 NCAA ilikubali kumaliza kesi kwa dola milioni 54.5.

Tangu hapo soko limesema lenyewe. Wasaidizi wa vyuo vikubwa sasa hulipwa mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka. Mwaka 2023 NCAA iliziruhusu timu za mpira wa kikapu kuongeza makocha wawili kwenye benchi la ufundi, na mwaka huohuo ikafuta katika michezo mingine nafasi ya kocha wa kujitolea asiyelipwa. Ngazi nayo bado inapandwa: Hubert Davis alirithi North Carolina mwaka 2021, Jon Scheyer akarithi Duke mwaka 2022, wote kutoka kiti cha msaidizi.

Nadhani hapa ndipo uzito wa kesi ile ulipo. Dola 16,000 kwa mwaka ni mshahara unaoweza kuvumiliwa na mwenye wazazi wa kumtunza au akiba ya kula. Aliyetoka familia isiyo na kitu, mwenye mke na watoto, huacha ukocha na kutafuta kazi nyingine, na miaka 15 baadaye jina lake halimo kwenye orodha ya wanaofikiriwa kuwa makocha wakuu. Anayepanga ujira wa kiti cha pembeni, kwa hiyo, anachagua pia nani atakuja kukaa kile cha mbele. Makocha wale walidai mishahara yao tu, lakini walichokiokoa ni haki ya mtoto wa maskini kupanda ngazi ileile.