Fimbo ya Mbali: Uokoaji wa Mlima Kenya wa Mwaka 1970

Historia ya milima aghalabu huandikwa kwa majina ya watu waliofika kileleni. Tarehe 13 Septemba, 1899, Mwingereza Halford Mackinder alifika Batian, kilele kirefu kupita vyote vya Mlima Kenya, akiwa pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, viongozi wa safari za milima ya Alps. Mwaka 1929 Eric Shipton na Percy Wyn Harris walikipanda Nelion, pacha wake. Mwezi wa Desemba, 1963, Kenya ilipopata uhuru, Kisoi Munyao alisimamisha bendera ya taifa jipya juu ya Lenana. Habari hizi ni za kweli na ni za fahari, walakini ni nusu tu ya historia. Nusu ya pili ni habari za kushuka, na hasa za kumshusha mtu asiyeweza kushuka mwenyewe.

Yafaa kwanza msomaji aufahamu mlima wenyewe. Batian ina kimo cha mita 5,199. Ingawa ikweta ipo karibu, magenge yake hushika barafu, na mvua ya bondeni huwa theluji kileleni. Hewa ya huko ina kanieneo ipatayo kidogo zaidi ya nusu ya ile ya pwani. Mtu apandaye kwa haraka huumwa kichwa, hutapika, hukosa usingizi. Na ugonjwa ukizidi, mapafu yake hujaa maji au ubongo wake huvimba. Tiba ya kwanza ya maradhi haya ni kushuka upesi. Basi mtu aliyevunjika mguu mahali pa juu ana misiba miwili: jeraha lenyewe, na kunyimwa njia ya kuikimbia hewa ile.

Msiba wa namna hiyo ulitokea tarehe 5 Septemba, 1970. Madaktari wawili vijana wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa wamefika Batian salama. Walipoanza kushuka, jiwe aliloliegemea Judmaier liling'oka, naye akaanguka. Kamba ilimzuia asipotee kabisa, bali mfupa wa mguu wake ulivunjika na kutokeza nje ya ngozi. Oelz alimtengeneza kadiri alivyoweza, akamwachia vitu vya kumkinga na baridi, kisha akashuka peke yake katika magenge yale kwenda kutafuta msaada. Kwa daktari kumwacha mgonjwa wake, na kwa rafiki kumwacha rafiki, hakuna uamuzi mzito kuliko huo. Lakini kubaki kungekuwa kufa pamoja naye.

Waliouitikia wito walikuwa wanachama wa chama cha wapanda milima cha Kenya, watu wenye kazi zao za kila siku, waliopanda milima katika siku za mapumziko. Hawakuajiriwa kuokoa mtu. Walipanda usiku na mchana, wakamfikishia majeruhi dawa na chakula, wakajaribu kumteremsha katika miamba iliyosimama wima. Ushujaa haukuwapungukia. Walichopungukiwa ni vyombo vya kazi ile na mazoezi ya kuitenda wakiwa kundi moja. Kumshusha mtu hai kwa kamba katika genge la mamia ya mita ni ufundi wa pekee. Mpandaji hodari hawi mwokoaji kwa sababu ya uhodari wake tu, kama vile mwogeleaji hodari asivyokuwa nahodha.

Mlima ukadai fidia. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, aliyekuwa akisaidia kwa helikopta, alianguka nayo akafa. Helikopta huelea kwa kuisukuma hewa, na hewa inapokuwa nyepesi, mabawa yake hukosa cha kushika na mtambo wake hupungua nguvu. Hivyo katika safari ya kumwokoa mtu mmoja, mwingine aliyekuwa mzima alipoteza maisha. Jambo hili halina budi kukumbukwa kila ajali hii inaposimuliwa.

Wakati huo huo kikosi cha waokoaji kilisafiri kwa ndege kutoka Innsbruck. Hawa walikuwa wamelelewa katika nchi ambayo uokoaji wa milimani una desturi ya miaka mingi, wenye kamba, vyombo na mpango uliozoewa. Walifika, wakapanda, wakamteremsha Judmaier. Alikuwa amekaa mlimani zaidi ya wiki moja, naye akapona.

Wahenga walisema: fimbo ya mbali haiui nyoka. Je, hapa hawakukosea? Fimbo ilitoka Ulaya, na nyoka akauawa. Lakini tukiitazama habari kwa makini tutaona kwamba methali imesimama. Waliofika kutoka mbali walimkuta mtu hai kwa sababu watu wa karibu walikuwa wamemweka hai. Zaidi ya hayo, majeruhi huyu alikuwa na jamaa na mji wenye uwezo wa kutuma kikosi kuvuka bara. Mpagazi wa Naro Moru au wa Chogoria akivunjika mguu katika magenge yale, nani angerukiwa kwa ndege kwa ajili yake? Haki yenyewe yataka fimbo iwe karibu.

Fundisho hilo halikupotea. Katika miaka iliyofuata hifadhi ya mlima ilikuwa na askari wake waliofundishwa kazi ya kamba na machela. Mwaka 1973 Phil Snyder, mkuu wa hifadhi, pamoja na Thumbi Mathenge walikuwa wa kwanza kuupanda mkondo wa barafu uitwao Diamond Couloir, njia ngumu baina ya Batian na Nelion. Zamani Mwafrika alitajwa katika safari za mlima huu kama mchukuzi wa mizigo. Sasa alikuwa mshika kamba katika barafu iliyowashinda wengi. Oelz naye alifika kilele cha Everest mwaka 1978, na baadaye akawa miongoni mwa mabingwa wa utafiti wa maradhi ya kimo.

Mafunzo ya mlimani basi ni nini? Ni kupanda polepole ili mwili uzoee. Ni kulisoma wingu kabla halijafika. Ni kufunga fundo kwa vidole vilivyokufa ganzi. Ni kuunga mfupa na kushusha machela bila kumtikisa mgonjwa. Na zaidi ya yote ni kujua saa ya kurudi nyuma. Hakuna hata moja kati ya haya lijifunzwalo siku ya ajali.

Chini ya Lenana kilijengwa kibanda kwa fedha za watu wa Austria, kiwe shukrani kwa waliomsaidia mwenzao. Kinaitwa Austrian Hut. Msafiri alalaye humo, akingoja alfajiri apande kuliona jua, yafaa amkumbuke majeruhi aliyepona, na amkumbuke pia rubani ambaye hakurudi.