Mpaka wa Ruvuma na Mabaraza ya Nyumbani

Wasikilizaji wetu, leo twataka kunena habari za mpaka. Mtu asimamaye Newala, ukingoni mwa nchi ya juu ya Wamakonde, huliona bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Wadachi na Wareno walipatana mwaka 1886 kuufanya mto huo mpaka wao, wala hawakuwauliza Wamakonde, Wayao na Wamakua, waliokuwa na jamaa zao ng'ambo zote mbili.

Lakini wenyeji walikwisha kuwa na desturi ya kumpokea mwenye shida. Mwaka 1882 Wangoni walipoishambulia Masasi na kuchukua mateka, wamisionari walihamia Newala kwa Matola, mkuu wa Wayao, naye akawapokea. Baadaye kazi za shuruti za Wareno ziliwafukuza watu wengi, wakavuka mto kuja kwetu. Tena vita ya ukombozi wa Msumbiji ilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, walikuja wakimbizi kwa maelfu. Hapo ndipo ilipoonekana kazi ya wakuu wa vijiji. Askari alimwona mtu amevuka tu. Mzee wa kijiji aliweza kuuliza ukoo wake, na kupambanua ndugu na mpelelezi.

Yatupasa kufahamu mipaka ya kazi hiyo. Kwa Katiba ya Tanzania, mambo ya nchi za nje ni ya Serikali ya Muungano. Halmashauri ya wilaya haina ruhusa ya kufanya mkataba na dola nyingine. Lakini Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, iliyozirudisha serikali za mitaa zilizofutwa mwaka 1972, imeziagiza kudumisha amani katika nchi zao.

Tarehe 12 Mei 2010 lilifunguliwa Daraja la Umoja, lenye urefu wa meta 720, penye Mtambaswala, wilaya ya Nanyumbu, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Masasi. Marais wa nchi mbili walilifungua, wakaenda zao. Wanaobaki na wavukao ni wanakijiji. Baraza lao likilala, mwovu atapita kwa jina la ndugu, au ndugu atafukuzwa kama adui. Basi mgeni akifika, apelekwe barazani, aulizwe kwa adabu, na habari zake zifikishwe wilayani upesi. Wahenga walisema: fimbo ya mbali haiui nyoka.