Langoni Penye Kwato Nyingi: Matope na Ufugaji wa Ng'ombe nchini Burundi

Wafugaji wa farasi wa Ulaya hushughulika sana na matope ya langoni. Kwetu Burundi farasi ni wachache mno, lakini tatizo lenyewe ni la zamani, na linamhusu ng'ombe. Mengi yameandikwa kuhusu ng'ombe kama mali na kama kifungo cha ubugabire kati ya mwenye ng'ombe na aliyekabidhiwa. Katika insha hii ninamtazama ng'ombe kuanzia kwenye kwato. Hoja yangu ni kwamba matope hayaletwi na mvua peke yake, bali pia na uamuzi wa watu kuhusu mahali ambapo kwato zitakutana. Uamuzi huo ulipobadilika, mzigo wa matope ulihamia kwa mtu mwingine.

Tuanze na udongo. Ng'ombe wa kilo 400 anapotembea, uzito wake wote hukaa juu ya kwato mbili au tatu. Malishoni kwato hizo hutawanyika, lakini langoni hukanyaga pale pale asubuhi na jioni. Majani hufa, udongo hushindiliwa, maji hayazami tena. Yakichanganyika na kinyesi, ngozi kati ya kwato hulainika na ugonjwa wa kuoza kwato hupata njia. Ng'ombe akilala humo, kiwele nacho huwa hatarini.

Katika rugo la zamani, yaani boma la familia, ng'ombe walipita kwenye irembo, lango la uani, na kulala ndani ya ua. Rugo lilijengwa kilimani, hivyo maji yalipata pa kuteremkia. Kila asubuhi samadi iliondolewa na kupelekwa migombani, kisha majani makavu yakatandikwa. Mchana kundi lilikuwa malishoni, na kiangazi wafugaji wa Mugamba na Bututsi waliweza kuteremsha mifugo hadi mabondeni na tambarare ya Imbo. Irembo lilikuwa na matope msimu wa mvua, lakini lilipata miezi ya kupumzika. Aliyeyabeba matope hayo mara nyingi hakuwa mwenye ng'ombe: mgabire ndiye aliyetunza ng'ombe wa shebuja.

Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi sana. Baadaye utawala wa kikoloni ulileta udaktari wa mifugo, na pamoja nao majosho ya kupambana na kupe waenezao ndigana kali. Josho lilikusanya makundi ya watu wengi kwenye mlango mmoja mwembamba. Mafundi walijua hatari yake: josho lililojengwa vizuri lina sakafu ngumu mlangoni na kidimbwi cha kuoshea miguu kabla ya ng'ombe kutumbukia, kwa kuwa matope hudhoofisha dawa. Hapa lango lilikuwa kazi ya serikali, nayo ililijengea kwa saruji.

Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilimaliza mifugo mingi. Katika kuijenga upya, miradi iliyofadhiliwa na IFAD iligawa ng'ombe kwa kaya maskini kwa mfumo wa mshikamano: anayepokea hutoa ndama kwa jirani. Ng'ombe alipaswa kukaa zizini na kulishwa majani yaliyopandwa. Kisha sheria ya tarehe 4 Oktoba 2018 ikaamuru mifugo yote ifugwe ndani na isizurure, na kaya zikapewa miaka mitatu ya kujiandaa. Sababu zake zinaeleweka: ardhi ni finyu, ugomvi wa mazao yaliyoliwa ulikuwa mwingi, na samadi inahitajika shambani.

Lakini ng'ombe wa zizini hana mchana wa malishoni wala kiangazi cha Imbo. Kwato zake ziko mahali pamoja mwaka mzima. Majani na maji humfikia kwa miguu ya watu, mara nyingi wanawake na watoto, ambao nao huikanyaga njia ile ile ya zizi. Dawa yake si siri: paa, mfereji wa kuzuia maji ya mlimani kabla hayajafika, mawe yaliyopangwa na kokoto juu yake mlangoni, matandiko makavu, na kuondoa samadi kila siku. Mwenye fedha hununua saruji. Asiye nayo huokota mawe, na asipopata nguvu wala muda huuza ng'ombe.

Kwa hiyo naona kwamba sheria ya 2018 ilimaliza tatizo moja mlimani na kuliweka lingine mlangoni pa kila kaya. Wakati wa josho, serikali iliyokusanya kwato ililipia sakafu. Tunapopima mafanikio ya ufugaji wa ndani kwa kuhesabu lita za maziwa na mikokoteni ya samadi, tuhesabu pia nani anabeba mawe ya langoni.