Malaria ya ubongo na kumbukumbu
Malaria ya ubongo ni malaria kali inayoletwa na vimelea vya Plasmodium falciparum. Chembe nyekundu za damu zilizoambukizwa hunata katika mishipa midogo ya ubongo na kuzuia oksijeni. Mgonjwa hupata degedege na kupoteza fahamu. Njia za neva zinazoungana na hipokampasi, sehemu ya ubongo inayounda kumbukumbu, zikidhurika, kumbukumbu mpya hazishiki: mtoto aliyepona hutumwa chumvi dukani, akafika huko amesahau. Utafiti uliofanywa Kilifi, nchini Kenya, umebaini matatizo ya kumbukumbu na lugha kwa baadhi ya walionusurika. Malaria kali si ya watoto tu: katika nyanda za chai za Kericho na Bomet, malaria huja kwa milipuko, kama ile ya miaka ya 1990 kwenye mashamba ya Kericho. Kwa kuwa kinga ya wakazi wa huko ni ndogo, hata watu wazima huugua vikali.